Hofu ya Matatu Mowlem: Kidonge Kipi Kinatibu, Kipi Kinatuliza Tu?

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, steji za Mowlem, Nairobi, hazina subira na mtu. Makanga anagonga bodi, gari linaondoka abiria wa mwisho akiwa bado ananing'inia mlangoni, na aliyeketi kiti cha nyuma hana njia ya kushuka mpaka wote walio mbele yake wasogeze magoti. Kwa wakazi wengi wa Eastlands hiyo ni kero ya kila siku, husahaulika wakishafika mjini. Lakini wapo ambao hapo ndipo mwili huwageuka. Moyo unaanza kwenda mbio bila sababu, kifua kinabana, vidole vinakufa ganzi, jasho linatiririka, na wazo moja linatawala kichwa: nakufa sasa hivi.

Hilo ndilo shambulio la hofu. Hufika kilele kwa dakika chache, mara nyingi zisizozidi 10, kisha hutulia lenyewe. Mtu akikimbizwa hospitalini, kipimo cha moyo hutoka sawa, presha imeshashuka, na huambiwa aende nyumbani akapumzike. Baada ya wiki linarudi. Anaanza kuliogopa kabla halijaja. Anakihama kiti cha nyuma, kisha anaacha matatu kabisa. Kanisani au msikitini anakaa karibu na mlango, baadaye haendi. Dukani anamtuma mtoto. Mwishowe anajifungia chumbani mwake ghorofa ya tano, na majirani wanasema ameanza maringo au amerogwa.

Kuogopa mahali ambapo mtu anahisi hawezi kutoka upesi wala kupata msaada huitwa agorafobia. Daktari Mjerumani Carl Westphal aliieleza mwaka 1871, alipoandika habari za wagonjwa wake wa Berlin walioshindwa kuvuka viwanja na barabara pana. Vigezo vinavyotumiwa na madaktari leo vinataja hali 5: usafiri wa umma, maeneo ya wazi, maeneo yaliyofungwa, foleni au umati, na kuwa nje ya nyumba peke yako. Anayeogopa angalau 2 kati ya hizo kwa miezi 6 au zaidi, kiasi cha kuvuruga maisha yake, anahesabiwa kuwa na ugonjwa huu. Mkazi wa Mowlem anaweza kukutana na zote 5 kabla ya saa mbili asubuhi.

Mashambulio ya hofu si ugonjwa wa watu wachache wala wa Wazungu. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani (WHO) katika nchi 25 ulionyesha kwamba watu 13 hivi kati ya 100 hupata shambulio la hofu angalau mara 1 maishani, na karibu 2 kati ya 100 hupata ugonjwa wenyewe, yaani mashambulio yanayojirudia pamoja na hofu ya kuyangojea.

Swali ambalo watu hawa hulipeleka kwenye kaunta ya duka la dawa ni moja: kidonge kipi? Jibu fupi ni kwamba kinachotuliza upesi zaidi ndicho kisichofaa kuwa tiba, kinachotibu huchukua wiki kadhaa, na hakuna hata kimoja kitakachomrudisha mtu ndani ya matatu asipojizoeza mwenyewe kupanda tena.

Kwanza, hakikisha ni hofu

Dalili za shambulio la hofu hufanana na za maradhi mengine: tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu, pumu, sukari kushuka, mapigo ya moyo yasiyo sawa. Anayezipata kwa mara ya kwanza hana budi kupimwa, hasa ikiwa ana umri mkubwa, presha au kisukari. Maumivu ya kifua yasiitwe hofu kabla moyo haujapimwa. Kwa wakazi wa Mowlem, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki ndiyo hospitali kubwa ya umma iliyo karibu, na ndipo mahali pa kuanzia.

Kisha kuna mambo ambayo mgonjwa hayasemi asipoulizwa. Miraa na muguka zina kathinoni, kichocheo cha jamii moja na amfetamini. Huongeza mapigo ya moyo na kufukuza usingizi. Vinywaji vya kuongeza nguvu na kahawa nyingi hufanya vivyo hivyo kwa kiasi chake. Pombe hutuliza jioni, lakini asubuhi inapotoka mwilini huacha mtetemeko na hofu. Anayetafuna muguka usiku kucha kisha akameza dawa ya hofu asubuhi anajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Vidonge vya haraka

Kundi linalojulikana zaidi mitaani ni la benzodiazepini. Humo mna diazepamu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Valium, alprazolamu iliyopata umaarufu kama Xanax, pamoja na lorazepamu, klonazepamu na bromazepamu. Zote huongeza nguvu ya GABA, kemikali ya ubongo inayopunguza kasi ya mishipa ya fahamu. Mtu akimeza, ndani ya nusu saa hadi saa moja mwili unalegea na wasiwasi unapungua. Alprazolamu ndiyo iliyokuwa dawa ya kwanza kuidhinishwa Marekani mahsusi kwa ugonjwa wa mashambulio ya hofu, mwaka 1990.

Lakini tazama saa. Shambulio hufika kilele ndani ya dakika 10 na kuanza kushuka lenyewe. Kidonge kinaanza kufanya kazi baada ya dakika 30. Aliyemeza katikati ya shambulio hupata nafuu ambayo angeipata hata bila kumeza, ila sifa zote anakipa kidonge. Kuanzia siku hiyo hatoki nyumbani bila kukitia mfukoni.

Hapo ndipo gharama inapoanza. Baada ya wiki chache za kumeza kila siku, mwili huzoea, na mtu huhitaji kiasi kikubwa zaidi kupata utulivu uleule. Akiacha ghafla, usingizi unapotea, mikono inatetemeka, mashambulio yanarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na wengine hupata degedege. Alprazolamu hutoka mwilini upesi, kwa hiyo hofu inaweza kuchungulia kati ya dozi moja na nyingine. Diazepamu hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kwa wazee hilo lina maana ya kupepesuka, kuanguka na kuvunjika nyonga. Kwa kijana wa bodaboda au fundi anayekata vyuma Kariobangi Light Industries, ni kusinzia mahali ambapo kusinzia kunaua. Zikichanganywa na pombe au dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni, zinaweza kusimamisha pumzi.

Mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kuhusu kuzichanganya na dawa za jamii ya afyuni mwaka 2016, na mwaka 2020 ikaongeza onyo kuhusu uraibu kwa dawa zote za kundi hili. Uingereza, mwongozo wa taasisi ya NICE wa mwaka 2011 unasema wazi kwamba zisiandikwe kwa ugonjwa wa mashambulio ya hofu, kwa sababu matokeo yake ya muda mrefu si mazuri. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 hauzipendekezi kuwa tiba, ila kwa dharura ya hofu kali, tena kwa siku chache tu, 3 hadi 7. Nchini Kenya hizi ni dawa za kuandikiwa na daktari. Hata hivyo vidonge vya jamii hii hupatikana mitaani kwa jina la bugizi, na vijana huvimeza ili walewe. Anayevitafuta kwa ajili ya hofu na anayevitafuta kwa ulevi wakati mwingine hununua kwa muuzaji mmoja.

Vidonge vya subira

Dawa zinazopewa kipaumbele leo ni za kundi la SSRI, ambazo huongeza kiasi cha serotonini kinachobaki kati ya seli za ubongo. Zilianza kama dawa za sonona, na ndiyo sababu wagonjwa wengine hushtuka wakiandikiwa: "Mimi sina huzuni, nina moyo." Daktari hajakosea. Fluoksetini, iliyokuja sokoni kama Prozac, ni mojawapo. Nyingine ni setralini, esitalopramu na paroksetini.

Mwaka 2022 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliounganisha majaribio 87 yenye washiriki wapatao 12,800, ukilinganisha makundi mbalimbali ya dawa za ugonjwa huu. SSRI zilionekana kuleta nafuu kamili kwa wengi huku madhara yakiwa machache. Ndani ya kundi hilo, setralini na esitalopramu ndizo zilizokuwa na mizani nzuri zaidi kati ya faida na usumbufu.

Tofauti zake ni za kujua kabla ya kuchagua. Setralini huandikwa mara nyingi kwa mwenye ugonjwa wa moyo, na haigombani sana na dawa nyingine, ila huweza kuvuruga tumbo na kuleta kuhara mwanzoni. Esitalopramu huvumilika vizuri, lakini dozi kubwa yaweza kuathiri mwendo wa umeme wa moyo, hivyo mwenye tatizo hilo apimwe kwanza. Paroksetini hufanya kazi, ila huongeza uzito kwa urahisi zaidi na kuiacha ni kazi: ukiikosa siku 2 tu unaweza kusikia kizunguzungu na kama shoti za umeme kichwani. Fluoksetini ni kinyume chake. Hukaa mwilini muda mrefu, kwa hiyo anayekosa nauli ya kwenda kuongeza dawa na kuruka siku moja hapati mtikisiko mkubwa. Iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Kenya, na kwa kuwa hataza ya Prozac ilimalizika Marekani mwaka 2001, viwanda vingi huitengeneza kwa bei ya chini. Kasoro yake ni kwamba huchangamsha, na mtu mwenye hofu anaweza kuhisi imemzidishia wasiwasi siku za kwanza.

Hilo la siku za kwanza ndilo linalowaangusha wengi. Wiki 1 au 2 za mwanzo, dawa za kundi hili zinaweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, kukosa usingizi na hata kuongeza mapigo ya moyo. Mgonjwa ambaye tayari anaogopa moyo wake huona kama anauawa, anazitupa, na kurudi kwa diazepamu. Ndiyo maana daktari mjuzi huanza na nusu ya dozi ya kawaida: setralini miligramu 25 badala ya 50, fluoksetini 10 badala ya 20, esitalopramu 5 badala ya 10. Nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 6, na hukamilika baadaye zaidi. Akishapona, mtu huendelea kumeza kwa angalau miezi 6, wengine mwaka mzima, kisha hupunguza kidogokidogo chini ya uangalizi.

Yapo ya kuwa macho nayo. Hamu ya tendo la ndoa inaweza kupungua, na wagonjwa wengi huona haya kulisema, wakaiacha dawa kimyakimya. Wasione haya, kwa maana daktari anaweza kubadilisha dawa au dozi. Vijana wa chini ya miaka 25 wafuatiliwe kwa karibu wiki za mwanzo, kwa sababu wachache hujiwa na mawazo ya kujidhuru. Aliyewahi kuwa na vipindi vya uchangamfu uliopita kiasi aseme, maana SSRI inaweza kuviamsha tena. Dawa za maumivu zinazonunuliwa bila kufikiri, kama ibuprofeni na diklofenaki, zikichanganywa na SSRI huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Tramadoli, pamoja na linezolidi inayotumiwa kutibu kifua kikuu sugu, zinaweza kuzidisha serotonini hadi kuhatarisha maisha. Mwenye ujauzito au anayenyonyesha asianze wala kuacha bila kuzungumza na daktari.

Za zamani, na zisizohusika

Kabla ya SSRI zilikuwapo imipramini na klomipramini, na hadi leo NICE inazitaja kama chaguo ikiwa SSRI hazifai au hazijasaidia baada ya wiki 12. Zinafanya kazi, ila hukausha mdomo, hufunga choo, huleta kizunguzungu mtu anapoinuka, na zikizidishwa huua kwa kuvuruga moyo. Dada yao amitriptilini hutolewa sana kwa maumivu ya neva na usingizi. Ushahidi wake kwa mashambulio ya hofu ni hafifu kuliko wa hizo mbili, na pakiti nzima ndani ya nyumba ya mtu aliyekata tamaa ni hatari.

Propranololi hupunguza mapigo ya moyo na kutetemeka, kwa hiyo wengine huiona kama jibu. Haijathibitishwa kutibu ugonjwa huu, na kwa mwenye pumu inaweza kuziba pumzi. Dawa za mzio zinazoleta usingizi, kama Piriton, ambazo baadhi yetu humeza ili tulale, NICE inasema zisitumiwe kwa tatizo hili. Usingizi zinauleta, hofu zinaiacha ilipo.

Kidonge hakipandi matatu

Mwishoni mwa miaka ya 1950, katika Hospitali ya Hillside jijini New York, daktari Donald Klein alijaribu imipramini kwa wagonjwa waliokuwa wakikimbilia kwa wauguzi kila mara wakilia kwamba wanakufa. Wiki zilipita, na mgonjwa na daktari wote wakadhani dawa haifanyi kitu. Wauguzi ndio waliogundua kwamba mtu haji tena mbio kwenye meza yao. Mashambulio yalikuwa yamekoma. Ila mgonjwa bado aliogopa kutoka peke yake, kwa sababu alikuwa akingoja shambulio ambalo halikuja. Dawa ilikuwa imezima moto, hofu ya moto ikabaki.

Hofu hiyo iliyobaki ina tiba yake. Mwaka 1993 mtafiti Isaac Marks na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa London na Toronto kwa wagonjwa 154 wenye mashambulio pamoja na agorafobia. Baadhi walipewa alprazolamu, baadhi walifundishwa kuziendea hatua kwa hatua sehemu walizoziogopa, na wengine walipata yote mawili. Dawa ilisaidia, mazoezi yalisaidia zaidi. Alprazolamu ilipopunguzwa na kuachishwa, nafuu yake iliondoka nayo. Nafuu ya mazoezi ilibaki.

Kwa mkazi wa Mowlem, mazoezi hayo hayahitaji ofisi ya kifahari Upper Hill. Siku za kwanza anasimama stejini bila kupanda, hadi moyo utulie wenyewe. Kisha anapanda na nduguye hadi Mutindwa. Halafu anakwenda Mutindwa peke yake, akikaa karibu na mlango, baadaye kiti cha nyuma. Kisha Buruburu, kisha Muthurwa, saa za utulivu kwanza na saa za msongamano baadaye. Sharti ni moja: asishuke hofu ikiwa juu kabisa. Akishuka hapo, ubongo unajifunza kwamba kushuka ndiko kulikomwokoa. Akibaki, unajifunza kwamba hofu hupanda na kushuka bila kuua. Na hatua za mwisho azifanye bila kidonge cha akiba mfukoni.

Mashambulio yakiwa makali mno, SSRI huyapunguza makali, mtu akapata nguvu ya kuanza mazoezi. Hapo dawa na mazoezi huenda pamoja. Wenye hali nyepesi wanaweza kupona kwa mazoezi na tiba ya mazungumzo pekee.

Umbali wa tiba

Tatizo ni kwamba huduma hii iko mbali na anayeihitaji. Hospitali ya Mathari, iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, iko Thika Road. Kutoka Mowlem ni matatu ya Outer Ring Road na nyingine baada ya hapo. Mwenye agorafobia anaambiwa avuke kile hasa kinachomtisha ili akatibiwe hofu yake. Na jina Mathari lenyewe bado linawatia watu aibu, wakati duka la dawa liko chini ya ghorofa anayoishi na halimwulizi maswali mengi.

Jopo la kitaifa lililoongozwa na Dkt Frank Njenga lilipendekeza mwaka 2020 maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yalizipa kaunti jukumu la kutoa huduma hizi. Mwaka 2023 serikali iliwatuma wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 mitaani, wakiwa na mikoba ya vifaa. Wapo wanaopita milango ya Mowlem wakipima presha na sukari. Wafundishwe pia kuuliza swali moja zaidi: kuna mtu humu ndani aliyeacha kutoka? Na fluoksetini iwepo kwenye rafu za vituo vya afya vya Embakasi Magharibi, eneo la Mowlem, mikononi mwa maafisa wa kliniki waliofunzwa kuianza polepole na kumtayarisha mgonjwa kwa wiki 2 ngumu za mwanzo. Hiyo ni kazi ya Kaunti ya Nairobi, na haihitaji jengo jipya.

Kwa msomaji, haya machache. Usianze dawa ya hofu kwa ushauri wa jirani. Ukiandikiwa kidonge, uliza ni cha kundi gani, utakimeza kwa muda gani na utakiachaje. Ukiandikiwa SSRI, usikate tamaa kabla ya wiki 6. Na ikiwa tayari unameza diazepamu au alprazolamu kila siku, usiiache leo kwa ghafla kwa sababu ya makala haya: chukua pakiti, mpelekee daktari, akupunguzie kidogokidogo kwa wiki au miezi. Kama kutoka nje bado ni mlima, Msalaba Mwekundu wa Kenya una laini ya ushauri nasaha isiyolipiwa, nambari 1199, na unaweza kuipiga ukiwa nyumbani.